Pilipili ya Kasereka

Kama umekaa sasa hivi kwenye benchi ya labo ya hospitali, pamba umeibana kwenye kiwiko, na unaangalia mlango ule ambao hakuna anayetoka akicheka, sogea kidogo nikae. Mimi nimekaa hapo kabla yako. Sikuja kukufundisha udaktari, madaktari wapo na wanalipwa kwa kazi hiyo. Nimekuja kukuambia mambo ambayo mimi hakuna aliyeniambia: kwamba kinywa kinaweza kuuma kuliko sindano, kwamba ndugu watagombana juu yako ukiwa unawasikia, na kwamba siku ya kupona inaweza kuja na kilio chake.

Naitwa Kahindo. Kwetu Wanande jina hilo anapewa msichana anayezaliwa nyuma ya wavulana, na mvulana aliyenitangulia mimi alikuwa Kasereka. Mimi ni mshonaji hapa Butembo. Mashine yangu iko kwenye veranda ya duka la vitenge, na wateja wangu ni wale wanaoleta kitambaa Ijumaa wakitaka gauni la harusi ya Jumamosi. Sijaolewa, na usiniulize kwa nini, mama ameshauliza vya kutosha.

Ugonjwa ulianza na mlima. Butembo yetu ni vilima tu, na ule wa kwetu nilikuwa naupanda na bidoni ya maji kichwani huku nikipiga umbea na jirani. Mvua za kwanza zilipoanza, mlima ukanishinda mikono mitupu. Nilisimama katikati ya njia, moyo unapiga ngoma masikioni, watoto wa shule wananipita. Nikasema ni malaria. Sisi kila kitu ni malaria mpaka kikatae.

Kisha yakaja mabaka. Nikigusa kona ya meza, kesho yake paja limekuwa jeusi kama nimepigwa. Miguuni nikaota vidoa vyekundu vidogo, mama akasema ni viroboto. Siku moja sindano ya mashine ikanichoma kidole. Jambo la kawaida kabisa, mshonaji asiyechomwa hajashona. Lakini damu haikukoma. Nilifunga kitambaa, kikalowa, nikafunga kingine. Mteja wangu mmoja, mwanamke tunayesali naye parokia moja, akafika kupima gauni. Nikamchekea ili asiogope. Aliangalia meno yangu, akarudi nyuma hatua, akaacha gauni, akaacha na mwavuli, akaondoka chini ya mvua.

Damu ilikuwa inatoka kwenye fizi. Na sisi watu wa Butembo na Beni tunajua damu inayotoka bila jeraha maana yake nini. Tulizika watu wengi wa Ebola, na bado ndoo za kunawa mikono ziko milangoni. Simlaumu yule mteja. Hospitalini walinipokea kwa glavu na miwani ya plastiki, wakaniweka peke yangu, mama akanipungia mkono kutoka mbali kama mtu anayesindikiza gari. Majibu yakaja: si Ebola. Mama akapiga magoti palepale kwenye matope, akashukuru kwa Kinande, kwa Kiswahili, na kwa Kilatini kidogo cha kanisani.

Alishukuru mapema mno. Labo ilipima damu tena, na docteur akaja mwenyewe. Ni mtu wa Kisangani, serikali ilimtuma huku, Kiswahili chake kimejaa Lingala. Alikaa kwenye kitanda changu, na docteur akikaa kwenye kitanda chako, jua kuna neno.

"Kahindo, mu damu muko batu batatu ba kazi," akasema. "Globules rouges, zile nyekundu, zinabebaka hewa. Globules blancs, zile nyeupe, ni kama baaskari, zinapiganaka na microbes. Plaquettes, tuvipande tudogo, zinazibaka pale penye damu inatoka. Zote zinatengenezwa mu moelle, mule ndani ya mifupa. Sasa moelle yako imelala."

"Imelala sababu ya nini?"

"Pengine dawa fulani, pengine virus. Pengine hatutajua."

"Na itaamuka?"

"Kuna zenye zinaamukaka."

Nikamwambia neno la baaskari silipendi. "Docteur, ku Beni baaskari beko mingi, na batu banakufa tu." Alinipigapiga bega, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Basi kazi za chembe hizo nilizijua mwilini. Nyekundu zilipopungua, kwenda chooni ilikuwa safari, na kiganja changu kilikuwa cheupe kama unga wa muhogo. Plaquettes zilipopungua, mswaki ukawa adui, nilisafisha meno kwa kitambaa na maji ya chumvi. Nyeupe zilipopungua, homa ikaja na vidonda vikajaa kinywani, ulimi, mashavu, koo. Uji wa vuguvugu ulipita kama moto. Hapo nililia. Sindano sikuzililia hata moja, lakini uji niliulilia.

Nilihitaji damu, na kwetu ndugu za mgonjwa ndio wanaoitoa. Kaka yetu mkubwa, Paluku, akakusanya ukoo. Mmoja alikutwa na malaria, mwingine damu yake haipatani na yangu, Paluku mwenyewe vilevile. Binamu yetu mmoja, mwanamume wa ndevu, aliona sindano akasema anaenda kununua soda. Mpaka leo hajarudi na hiyo soda. Ukikutana naye mjini, mwambie bado nina kiu.

Ndipo Kasereka akafika kutoka Beni kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope, ananuka kakao inayochachuka. Alikuwa na shamba la kakao nje ya Beni, huko ambako watu wa porini wanaingia na mapanga. Damu yake ikapatana na yangu. Walimlaza kwenye kitanda cha jirani, mkono wake umenyooshwa kuelekea kwangu, na poche, mfuko wa damu, ikaanza kujaa.

"Ndogo yangu, sikia bien," akasema. "Hii damu yangu imezoea pilipili. Usipoipatia pilipili, itarudia Beni na miguu."

"Yaya, kinywa changu kimejaa bidonda!" nikamwambia kaka.

"Hiyo ni matata yako na yeye. Miye nimekuonya."

Mama alicheka mpaka infirmière, muuguzi wa zamu, akamtoa nje. Poche ilipotundikwa ilikuwa bado vuguvugu. Jioni kucha zangu zilianza kuwa na rangi. Kasereka alinigeuza kiganja, akaangalia, akasema, "Uko unafanana na mutu sasa." Mama alitaka abaki. Akasema kakao imeiva, asipoichuma wezi wataichuma, na Kavira, mke wake, yuko peke yake na watoto. Akanishika kichwa kwa mkono wenye plasta, akaondoka.

Siku chache baadaye watu wakaanza kuingia wodini na furaha nyingi mno. Paluku, ambaye hacheki hata Krismasi, akanichekea. Nikauliza mama yuko wapi. Wakasema ameenda Lubero kuangalia viazi. Viazi gani? Mama hana shamba Lubero. Nikanyamaza, kwa sababu mtu mgonjwa akiuliza sana anajibiwa.

Mama akarudi. Kitenge amekivaa nje ndani, nywele hazina kitambaa. Hakunisalimia mimi. Alikuja moja kwa moja kwenye mkono wangu, pale poche ilipoingilia, akauwekea viganja vyake viwili.

"Kasereka, mutoto wangu, uko humu?"

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba kaka yangu amekufa.

Wale watu wa porini walimkuta shambani, akivunja kakao. Alizikwa na wengine, haraka, kabla barabara haijafunguliwa. Mama alipofika Beni alionyeshwa udongo mbichi na misalaba ya miti, akaambiwa ni mmoja wa hii. Uso wake hakuuona. Hakumwosha, hakumfunika, hakumlilia akiwa mbele yake. Na mama asiyeona uso wa mwanawe, wewe utamwambia amekufa, atakubali kwa nini?

Tangu siku hiyo mama alikuwa na watoto wawili kwenye kitanda kimoja. Asubuhi aliusalimia mkono wangu kwanza, kisha mimi. Aliuambia habari za kakao, bei imepanda, imeshuka. Akanipikia bugali na sombe, majani ya muhogo, nyekundu kwa pilipili.

"Kula, mama. Yeye anapendaka hii."

Vidonda vilikuwa bado wazi. Nilimega, nikachovya, nikameza. Machozi yakashuka, kamasi zikashuka, infirmière akapiga kelele, "Mama Paluku, unataka kuua mutoto?" Nikamwambia aniache. Niliendelea kula. Mama alikaa mbele yangu akiangalia kila tonge, naye analia, na kwa kuwa kulikuwa na pilipili hatukuhitaji kuulizana tunalia nini.

Vita vikaja na labo. Moelle ikilala, wanakupima damu mara kwa mara. Fundi wa labo akaja na mirija yake midogo, mama akautupia mkono wangu kitenge, akaukalia karibu.

"Kila mara munakamata! Munapeleka mutoto wangu wapi?"

"Mama, ni kidogo tu."

"Kidogo, kidogo, atabakia nini? Ile yenye mulimwaga ku Beni haitoshi?"

Fundi akaniangalia mimi. Nikamwambia arudi baadaye, mama akienda kuteka maji. Hivyo ndivyo tulivyofanya, kama wezi.

Na nyumbani kulikuwa na neno lingine. Katika ukoo wetu, msiba unamalizwa kwa siku yake: ndugu wanakusanyika, nywele zinanyolewa, kasikisi, pombe ya ndizi, inanywewa, na mjane anavua nguo za kilio. Mpaka siku hiyo mjane hauzi sokoni, hacheki na watu njiani. Kavira alikuwa amekimbilia mjini Beni na watoto, anakaa kwenye chumba cha kuazima, anangoja. Na anayetamka siku hiyo ni mama wa marehemu.

Paluku akaja wodini kumwambia. "Mama, tutoshe kilio, tukimalize. Kavira atafungiwa mu nyumba mpaka lini? Batoto batakula nini?"

"Kilio ya nani?" mama akasema. "Ya mutu mwenye angali anatembea mu mushipa ya dada yake?"

"Mama, Kasereka amekufa!"

"Sema polepole. Anakusikia."

Paluku alitoka akapiga ukuta wa korido kwa kiganja. Alirudi baadaye kuomba msamaha, lakini siku haikutamkwa.

Kiangazi kikaingia. Vumbi la Butembo likajaa mpaka kwenye shuka. Niliruhusiwa nyumbani kidogo, nikarudishwa. Kiganja kikawa cheupe tena, pua ikaanza kutoa damu, na safari hii haikutaka kukoma hata walipoijaza pamba. Docteur akasema nitafutiwe poche nyingine upesi.

Mama akasema hapana. Damu ya mtu mwingine ikiingia itachanganyika na ya mwanawe, naye hatajua tena mwanawe yuko wapi. Docteur akanigeukia mimi. "Kahindo, wewe ni mutu muzima. Unasema nini?"

Nami nikasema hapana. Usifikiri nilisema ili kumpendeza mama. Nilijua chembe zinapimwa, nilijua maana ya kiganja cheupe. Lakini nililala pale nikihisi moyo unapiga, na nilijiambia kinachopita mle ndani ni kaka yangu, na hakuna pahali pengine duniani alipo. Niliona aibu kumwita mgeni aje kumsukuma. Nikageukia ukuta. Docteur akakataa kwa Lingala, "Te, te, te," akaenda kumwita Paluku. Nilimsikia Paluku analia kwenye korido. Kaka yetu mkubwa, analia kama mtoto aliyeachwa sokoni.

Ndiye aliyempigia simu Kavira.

Kavira alikuja kwa barabara ileile ya Beni, mchana, katika nguo zake nyeusi, kitambaa cheusi kichwani. Mjane ambaye kilio chake hakijamalizwa hasafiri, na mama alipomwona mlangoni alisimama.

"Kavira! Nani alikutosha mu nyumba?"

"Nilijitosha mwenyewe, mama."

"Batu batasema nini?"

"Baseme." Alikuwa mwembamba, midomo imepasuka kwa vumbi. Alishapita labo, pamba ilikuwa tayari kwenye kidole chake, na damu yake ilikuwa imepatana na yangu. Akapiga magoti mbele ya mama, kama mkwe anavyopaswa, akasema polepole, "Mama, Kasereka alitosha damu ili Kahindo abakie. Hapana ili yeye mwenyewe abakie."

Mama akakikaza kitenge alichofunikia mkono wangu.

"Alinirudilia na plasta ku mukono," Kavira akasema. "Alikuwa na furaha. Aliniambia, dada yangu atashona tena. Ni hiyo tu alisema. Sasa Kahindo akikufa, mama, ile safari yake ilikuwa ya nini?"

Nje mtu alikuwa anatwanga sombe, nilisikia mchi. Mwishowe mama akakivuta kitenge kutoka kwenye mkono wangu, akakikunja vizuri, akakiweka kwenye mapaja yake. Hakusema ndiyo. Lakini mkono ulikuwa wazi.

Kavira akalazwa kwenye kitanda kilekile alicholalia mume wake. Alifumba macho wakati wote. Damu yake ilipoingia niliona baridi, kisha joto, kisha usingizi. Nilipoamka pua ilikuwa imekauka na Kavira ameshapanda gari, hakutaka watoto walale peke yao. Kuhusu kilio hakumwomba mama hata neno. Nami sikumwambia asante inavyofaa. Nimemwambia mara nyingi tangu siku hiyo, na kila mara ananiambia nimshonee mtoto wake kaptula badala ya kuongea.

Docteur alikuwa amesema kuna moelle zinazoamka. Yangu iliamka kwa uvivu, kama mtu wa Jumapili. Kwanza vidonda vya kinywa vikafunga: chembe nyeupe. Kisha nikagonga mguu kwenye stuli, na kesho yake hapakuwa na baka: plaquettes. Mvua zikarudi. Siku moja nilipanda mlima wetu mpaka juu na nilipofika niligundua nilikuwa nikiongea njia nzima. Poche nyingine sikuhitaji. Mama aliendelea kuusalimia mkono asubuhi, lakini kwa sauti ya chini zaidi, na siku ya kilio alikuwa bado hajaitamka.

Tukaenda labo kuchukua majibu. Benchi zimejaa, watu wamebana pamba zao kama wewe sasa hivi. Docteur akatoka mwenyewe na karatasi mkononi, anacheka mpaka magego yanaonekana.

"Kahindo! Zote tatu zimepanda. Hii ni damu yako mwenyewe sasa, yako kabisa!"

Watu wa benchi wakapiga makofi, hata wasionijua. Mama naye alipiga makofi. Kisha akashusha mikono.

"Docteur. Na ile ya Kasereka?"

Docteur hakuelewa upesi. Alikuwa bado anacheka. "Ile? Mama na ngai, mama yangu, globules rouges zinaishi miezi ine hivi, kisha zinakufa. Zile zingine zinakufa mbele. Ile ya Kasereka ilimalizika zamani. Hata ya muke wake imemalizika."

"Zamani?"

"Zamani, mama."

Mama aliangalia mkono wangu. Niliona anahesabu asubuhi zile zote, salamu zile zote, habari za bei ya kakao. Akaweka mikono kichwani, akakaa chini kwenye sakafu ya labo, na akapiga yowe ambalo hakulipiga Beni, yowe la mama anayeona uso.

"Kasereka eeh! Mutoto wangu! Ulienda bila kuniaga!"

Watu wa benchi walidhani majibu ni mabaya. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akanishika begani, akasema, "Pole, ma sœur. Mungu ndiye anajua." Mwingine akavua kitenge chake akamfunika mama miguu. Nilitaka kuwaambia nimepona. Karatasi ilikuwa mkononi, namba zote zimepanda, na nilishindwa kutamka neno hilo, kwa sababu kupona kwangu ndiko kulikomaliza kaka yangu. Nilikaa sakafuni kando ya mama, nikamlilia Kasereka kwa mara ya kwanza kama mtu aliyekufa.

Mama alitamka siku mwenyewe, palepale kwenye njia ya kurudi.

Tulimalizia kilio Beni, katika ua wa chumba kile cha kuazima. Mama alinyolewa nywele na kichwa chake kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani. Kavira alivua nguo nyeusi, akavaa gauni la kitenge nililomshonea mimi, na vidole vyangu vilipochomwa na sindano damu ilikoma yenyewe. Paluku akamwaga kasikisi kidogo chini. Tukasema jina la Kasereka kwa sauti, na hatukuuambia mkono wa mtu yeyote.

Kisha chakula kikaletwa. Mama alinipakulia mwenyewe, bugali na sombe, akaweka mbele yangu. Nikaonja. Hapakuwa na pilipili hata kidogo.

Nikamwangalia. Naye akaangalia pembeni.

Nikasimama, nikaenda jikoni kwa Kavira, nikaitafuta pilipili mwenyewe.